Chai ya asubuhi ugenini: mwongozo kamili wa kupata mahamri, vitumbua na uji ukiwa mbali na nyumbani

Wiki ya tatu ndiyo iliyonishinda. Siku za mwanzo Ujerumani nilikula kila nilichowekewa: mkate mweusi uliojaa mbegu, jibini, jamu, yai la kuchemsha. Kisha ikafika asubuhi moja ya Novemba, saa moja na nje bado giza, nikakaa mbele ya kikombe cha maji ya moto chenye kimfuko cha chai kikielea, maziwa baridi yako pembeni kwenye kikopo, nikashindwa hata kukigusa. Njaa haikuwa tatizo. Nilitaka chai iliyochemka pamoja na maziwa yake sufuriani, tangawizi inayokwaruza koo, na mahamri mawili ya moto. Mimi nimelelewa Tanga, na kwetu mtu akikuuliza asubuhi "umeshakunywa chai?" anauliza kama umekula. Siku hiyo jibu langu lingekuwa hapana, ingawa meza ilijaa.

Nilikaa huko miaka miwili, 2016 hadi 2018, na nikaja kugundua kwamba karibu kila kitu cha chai ya nyumbani kipo ugenini. Kimebadilika jina tu, na kipo kwenye duka ambalo hukufikiria kuingia. Nimeandika mwongozo huu kwa mpangilio ambao ningependa mtu anieleze kabla sijapanda ndege. Mifano mingi ni ya Ujerumani kwa kuwa ndiko nilikopika, lakini aliyeko Uingereza, Marekani au Ghuba naye atapata la kwake.

Hatua ya kwanza: mzigo wa kubeba na wa kuacha

Mama alinifungia kopo la samli ya kilo nzima, samli ya ng'ombe wa shangazi, akalizungushia mifuko mitatu na gundi ya karatasi. Lilichukuliwa uwanjani nilipotua. Ofisa alikuwa mpole lakini hakuwa na la kunisaidia: Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria anayetoka nje ya nchi zake kuingia na nyama wala kitu chochote cha maziwa, na samli ni maziwa. Iliniuma sana, kwa sababu ya samli yenyewe na kwa sababu ya mikono iliyoichemsha. Kwa hiyo samli, jibini, nyama ya kukausha, vyote waachie wenyewe nyumbani. Samli utainunua kwenye duka la Kihindi, imeandikwa "ghee".

Vinavyoingia Ulaya bila shida ni vikavu vilivyokwisha kutengenezwa: majani ya chai, hiliki, mdalasini, unga wa ulezi. Beba kwenye pakiti zake za dukani zenye maandishi, kwani unga usio na jina ndani ya mfuko wa nailoni huzua maswali. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: ndizi, nazi, nanasi, tende na duriani. Unayekwenda Marekani, andika kila chakula ulichobeba kwenye tamko la forodha, hata kama ni hiliki kidogo. Kitu kilichotajwa kikikataliwa kinatupwa na unaendelea na safari. Kisichotajwa kinaweza kukupiga faini.

Na vyombo? Kikaango cha vitumbua na chuma cha chapati vina uzito lakini vinastahili nafasi yake kwenye sanduku. Sufuria za alumini usijisumbue kuzibeba. Majiko mengi mapya ya Ulaya ni ya induksheni, yanapasha chombo kwa nguvu ya sumaku, na alumini tupu haishiki kabisa. Sufuria itakaa pale juu baridi kama jiwe. Chuma kinashika vizuri. Jaribu na sumaku ndogo ya mlango wa friji: ikinasa kwenye kitako cha chombo, kitafanya kazi.

Birika la umeme la nyumbani litatumika Uingereza bila adapta, soketi ni zilezile. Ujerumani utahitaji adapta tu. Marekani liache, maana umeme wao ni volti 120, nusu ya wetu, na birika lako litapata takriban robo ya nguvu yake. Utasubiri maji hadi uchelewe kazini.

Hatua ya pili: jifunze majina mapya

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika likizo moja nilikwenda Leicester kumtembelea binamu yangu. Tukaingia duka la Kihindi kutafuta muhogo. Nikaanza kumweleza mzee wa dukani kwa Kiingereza na kwa mikono: mzizi, mrefu, ganda la kahawia, ndani mweupe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mogo iko kule kwa friza, dada." Alizaliwa Kampala. Alikuwa mmoja wa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengi wao waliishia Leicester. Walibeba neno letu pamoja nao: muhogo ukawa "mogo", na ndilo jina lililoandikwa kwenye pakiti za friza hadi leo kwenye maduka ya Kihindi ya Uingereza. Tangu siku ile kila nikikosa kitu huanza kwa kujiuliza kinaitwaje na wenzetu wanaokila pia.

Ulezi Wahindi wanauita ragi. Mtama ni jowar, uwele ni bajra. Hiliki ni elaichi kwao, na kwa Waarabu ni hel. Ujerumani hiliki ya supamaketi huuzwa kwenye vichupa vidogo kwa bei ya kukatisha tamaa. Duka la Kiarabu au la Kihindi litakuuzia mfuko mzima. Muhogo kwenye maduka ya Walatini, yaani watu wa Amerika ya Kilatini, ni yuca.

Mbaazi zina mtego wake. Kwa Wahindi ni toor, lakini nyingi zimemenywa na kupasuliwa, na hizo zikipikwa zinakuwa rojo. Tafuta nzima, zenye ganda. Wajamaika wanaziita gungo, na Marekani kwenye rafu za Walatini zinaitwa gandules. Za kopo mara nyingi ni mbichi za kijani; zinalika, ila ladha yake si ile ya mbaazi kavu zilizolala kwenye maji usiku kucha.

Viazi vitamu vya supamaketi za Ulaya na Marekani mara nyingi ni vya rangi ya chungwa, vyenye maji mengi, vinavyoyeyuka mdomoni. Ukitaka kile kikavu cha kunywea chai, cha kukwama kooni kidogo, nenda duka la Kijapani au la Kikorea ukachukue chenye ganda la zambarau na nyama ya manjano. Walatini wana cheupe wanachokiita boniato. Vichemshe kwa mvuke, usivizamishe.

Unga wa ngano nao unataka macho. Ujerumani unga hupewa namba. 405 ni laini, wa keki. 550 ndio wa mahamri na chapati. Uingereza chukua "plain" na uukwepe "self-raising", ambao umeshatiwa baking powder na utakuharibia chapati. Pakiti iliyoandikwa unga wa chapati kwenye maduka ya Kihindi mara nyingi ni wa atta, wenye pumba na rangi ya kahawia; utakupa chapati ya Kihindi, nzuri, lakini si ile yetu ya kusukuma.

Hatua ya tatu: chai kabla ya yote

Usianze na mahamri. Anza na chai, kwa sababu ikikaa sawa, hata mkate wa dukani uliopakwa siagi unakubalika.

Majani tuliyoyazoea ni yale ya punje ndogo ngumu, yanayopondwa na kuchanwa kwa mashine ili yatoe rangi haraka. Chai nyingi za Ulaya bara ni za majani marefu yaliyotengenezwa kumwagiwa maji tu, na ukiyachemsha na maziwa yanatoa kitu chepesi kama maji ya kuoshea kikombe. Uingereza huna tabu, kwa kuwa chai ya Kenya imo ndani ya vimfuko vyao vingi vya kawaida: chana vimfuko viwili, mwaga majani sufuriani. Ujerumani, kama hakuna duka la Kihindi karibu, tafuta supamaketi chai inayoitwa Ostfriesen. Watu wa Ostfriesland, kaskazini kule pwani, wanapenda chai nzito, na mchanganyiko wao una Assam nyingi, chai nzito ya India. Ndiyo iliyoniokoa majira yote ya baridi.

Maziwa yawe yenye mafuta yote, asilimia 3.5 kwenda juu. Uingereza ni yenye kifuniko cha buluu. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji yana harufu ya kupikwa ambayo chai haiifichi.

Kwa vikombe viwili: bandika kikombe kimoja na robo cha maji pamoja na tangawizi ya kidole gumba, iliyopondwa, na punje nne za hiliki zilizopasuliwa. Yaache yachemke dakika tano. Tangawizi lazima ichemke na maji kwanza, maana mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Watu wengi hulaumu maziwa ya huko wakati kosa ni mpangilio. Kisha tia vijiko viwili vya chai vya majani, dakika moja, halafu kikombe kimoja cha maziwa na sukari. Ikipanda shusha moto, iache ipande tena. Rangi ikishafanana na tofali, chuja.

Hatua ya nne: mahamri kwenye jiko la umeme

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa 550 gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu pakiti moja ya gramu 7, hiliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai kilichojaa, chumvi kidogo, na tui la nazi.

Tui ndilo linaloharibu mambo. Kopo la mililita 400 likikaa baridi linajitenga, zito juu na maji chini. Litikise au ulipashe kidogo lichanganyike. Soma lebo: nazi iwe zaidi ya nusu. Kinywaji cha nazi cha boksi, kile cha kuwekwa kwenye kahawa, ni maji yenye harufu ya nazi, hakitengenezi hamri. Tui liwe la vuguvugu, uweze kutia kidole bila kukitoa. Anza na mililita 250, kisha ongeza kijiko kimoja kimoja mpaka unga ushikane. Kanda dakika kumi kamili, mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio.

Nyumbani Tanga unga unaumuka wenyewe ukiwa unafagia uwanja. Kwenye chumba cha nyuzi 18 utakaa saa tatu ukiuangalia. Uweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka, au juu ya sufuria ya maji ya moto, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu. Vipasha joto vya ukutani vya huko wakati wa baridi hukausha hewa mpaka unga unafanya ganda, na ganda likishaingia hamri halifunguki vizuri.

Gawa madonge matano, yapumzike dakika kumi, sukuma unene wa nusu sentimita, kata vipande vinne vinne. Viache tena robo saa.

Sasa kukaanga, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Jiko la umeme la sahani haliachi joto ukilipunguza. Linaendelea kuchemsha mafuta dakika kadhaa. Tumia sufuria nzito na nyembamba, mafuta yasizidi theluthi yake. Chovya mwiko wa mti: vipovu vikizunguka mti taratibu mafuta yako tayari, vikirukaruka yamezidi, ondoa sufuria kabisa kwenye sahani. Weka hamri, kisha kwa upawa umwagie mafuta ya moto juu yake, ndani ya sekunde chache linavimba na kuwa tupu katikati. Geuza mara moja. Fungua dirisha na funga mlango wa jikoni, kwa kuwa katika mabweni mengine king'ora cha moshi kimeunganishwa moja kwa moja na zimamoto. Na mafuta yakishika moto usimwage maji asilani. Zima jiko, funika sufuria na mfuniko, uiache hapo hapo.

Hatua ya tano: vitumbua bila kikaango cha vitumbua

Kama hukubeba kikaango, usikate tamaa. Wadenmark wana chao cha mashimo ya duara, mara nyingi saba kama chetu, wanachopikia vitafunwa vya Krismasi viitwavyo æbleskiver. Wahindi wa kusini wana cha paniyaram, na hicho kinatosha barabara. Cha Waholanzi cha poffertjes mashimo yake hayana kina. Utapata vitumbua vya kitoto. Nilinunua cha Kidenmark, cha chuma, kwenye soko la vitu vilivyotumika, na mpaka leo ninacho.

Mchele usiwe ule ulioandikwa "parboiled", ambao Ujerumani umejaa tele. Umeshapitishwa kwenye mvuke na haushikani. Loweka basmati au jasmini, gramu 400, usiku kucha, usage na tui mililita 300, sukari, hiliki na kijiko kidogo cha hamira. Mashine ya kusagia ikiwa dhaifu na chembe zinabaki, nunua unga wa mchele kwenye duka la Kithai, lakini usichukue ule wa mchele wa kunata, pakiti zake zinafanana. Ukitumia unga, chukua vijiko vitatu uvipike na maji viwe uji mzito, uupoze, uchanganye na uliobaki. Uji huo ndio utakaovishikisha. Acha mchanganyiko uumuke mpaka uone matundu juu, paka mafuta mashimo, moto wa wastani, na ugeuze kwa kijiti pembeni zikishakauka.

Mengine kwa ufupi

Chapati: gramu 500 za unga, maji ya moto kiasi cha mililita 300, mafuta vijiko vitatu, chumvi. Pumzisha nusu saa kabla ya kukunja, na nusu saa tena baada ya kukunja. Ukichoka, paratha za friza za duka la Kihindi ni ndugu wa damu wa chapati yetu. Zitie kwenye chuma kikavu, zina mafuta ya kutosha. Kwa wanaozoea supu na chapati, bucha la halali litakukatia mguu wa mbuzi na mifupa yake ukieleza kwamba ni wa supu.

Uji wa ulezi ni rahisi: ragi, maji, ndimu mwishoni. Kwa uji wa mahindi, unga mweupe wa chapa ya P.A.N. unaopatikana kwenye maduka mengi umeshapikwa kiwandani, huganda ukitiwa maji tu na hauna ladha ya sembe. Tafuta unga mweupe kwenye duka la Waafrika.

Kama huna jiko

Hali hii ni ya wengi: wa hotelini, na wanaoishi nyumba za waajiri wasioruhusu kupika cha kwao. Beba chupa ya chai inayotunza joto. Tangawizi kavu ya unga na hiliki vikitiwa kwenye maji yanayochemka, dakika kumi chupa ikiwa imefungwa, vinatoa kitu cha kuridhisha, ukiongeza maziwa ya unga. Kwenye bufee ya hoteli omba shayiri (oats) ya moto, uikoroge na maziwa na ndizi. Ni uji, hata kama hawauiti hivyo. Usiyekula nguruwe, ujue nyama nyingi baridi za meza ya Kijerumani ni zake, zikiwemo soseji zisizotajwa.

Aliyeko Ghuba ana bahati. Mikahawa midogo ya Wakerala, Wahindi wa kusini, ipo karibu kila mtaa, inauza chai ya karak iliyochemshwa na maziwa na hiliki, na porota za tabaka. Ziombe pamoja asubuhi. Na Muscat familia nyingi zilitoka Zanzibar baada ya 1964, nyingine zikarejea Oman baada ya 1970, na kwenye nyumba hizo mandazi na Kiswahili havijakoma. Ukimsikia mama sokoni anamwita mwanawe kwa Kiswahili, msalimie kwa shikamoo. Atakuelekeza.

Kupanga wiki

Hakuna anayekaanga mahamri alfajiri kabla ya kazi. Nilifanya Jumamosi jioni, mara moja kwa wiki mbili. Yakipoa kabisa, na nasema kabisa, kwa sababu mvuke uliobaki unageuka barafu na kuyalowesha, niliyapanga manne manne kwenye mifuko na kuyatia friza. Mbaazi nazo nilizichemsha nyingi, nikazigawa kwenye vibakuli kabla ya kuzitia tui. Tui hutiwa siku ya kula. Usipashe mahamri kwenye maikrowevu, yakipoa yanakuwa kama ngozi ya kiatu. Washa oveni nyuzi 160, yatie yakiwa bado na barafu yake, kisha ndipo ubandike maji ya tangawizi. Chai ikipanda mara ya pili, mahamri yameshaiva moto mpaka katikati.